Lugha-Jumla, Silabi na Kiswahili cha Mtoto wa Kindu: Juu ya Ufundishaji wa Kusoma katika Madarasa ya Mwanzo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mkabala wa kufundisha kusoma ambao hapa tunauita lugha-jumla, yaani ule unaoanza na matini nzima yenye maana badala ya herufi na silabi. Mkabala huo ulizaliwa na kubishaniwa hasa katika nchi zinazosoma Kiingereza. Swali letu ni hili: una faida gani kwa mtoto wa Kindu, mkoani Maniema, ambaye hujifunza kusoma kwa Kiswahili? Tunatoa hoja kwamba othografia ya Kiswahili inakipa kipawa cha mbele kifungo cha sauti na herufi, kwa hiyo silabi haziwezi kuachwa. Hata hivyo mkabala wa lugha-jumla unatukumbusha jambo ambalo shule zetu zimelisahau: kwamba mtoto husoma kwa lugha anayoisema. Kwa Kindu, lugha hiyo si sawa na ile iliyomo vitabuni.

1.0 Utangulizi

Mtu aingiaye katika darasa la kwanza au la pili la shule ya msingi mjini Kindu, iwe Kasuku, Mikelenge au ng'ambo ya Lualaba huko Alunguli, hachelewi kukutana na watoto wa namna mbili. Wa kwanza husimama, akatazama ubao, akatamka mstari mzima bila kusita. Lakini kidole chake kinaelekea mstari mwingine, na neno lile lile likiandikwa peke yake pembeni mwa ubao, halitambui. Wa pili hutamka silabi moja baada ya nyingine kwa jasho, na kila silabi ni sahihi. Lakini aulizwapo sentensi imesema nini, huinamisha kichwa. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi huwahesabu wote wawili kuwa wanajua kusoma. Kwa kweli hakuna hata mmoja anayesoma.

Watoto hawa wawili wanawakilisha pande mbili za mjadala mrefu. Upande mmoja husema: mpe mtoto herufi na sauti zake, maana itakuja baadaye. Upande wa pili husema: mpe mtoto hadithi nzima, lugha nzima, naye atazigundua herufi njiani, kama alivyogundua sarufi ya lugha yake bila kufundishwa. Upande huu wa pili ndio tunaouita lugha-jumla.

Si kusudi la makala haya kuhukumu ugomvi wa Wamarekani. Kusudi letu ni kuwapa walimu na wanafunzi wa idara za lugha na za ualimu maelezo ya mkabala huu, kisha kuupima kwa vipimo viwili tulivyo navyo wenyewe: muundo wa Kiswahili na hali ya lugha katika mji wetu.

2.0 Asili na Safari ya Mkabala

2.1 Decroly na sentensi nzima

Wazo la kuanza na kizima kabla ya sehemu zake ni la zamani kuliko jina lake. Katika Ubelgiji, daktari Ovide Decroly (1871–1932), aliyefungua shule ya l'Ermitage mjini Brussels mwaka 1907, alishikilia kwamba akili ya mtoto hukamata jambo zima kwanza. Kwa hiyo mtoto aanze na sentensi inayohusu maisha yake, aitambue kwa sura, kisha aichambue polepole kuwa maneno na silabi. Njia hiyo ilijulikana kwa Kifaransa kama méthode globale, na mawazo ya Decroly yaliathiri mtaala wa shule za msingi za Ubelgiji wa 1936. Wakati huo shule za Kongo zilikuwa, kwa sehemu kubwa, mikononi mwa misheni, na makusudio yake yalikuwa mengine.

Yafaa kuona kwamba Decroly hakukataa uchambuzi wa silabi. Alichokataa ni kuuweka mwanzoni. Tofauti hii ndogo itatufaa baadaye.

2.2 Goodman na mchezo wa kubahatisha

Lugha-jumla kwa maana yake ya siku hizi hufungamanishwa na Mmarekani Kenneth Goodman. Mwaka 1967 alieleza kusoma kuwa ni mchezo wa kubahatisha wa kisaikolojia-isimu. Msomaji, kwa maelezo yake, hatazami kila herufi. Hutumia dalili za aina tatu, yaani maana, sarufi na maandishi, akakisia neno lijalo, kisha akathibitisha kama kisio lake linafaa. Frank Smith alitetea mawazo ya karibu na hayo katika kitabu chake cha 1971. Huko New Zealand, Don Holdaway (1979) alieneza usomaji wa pamoja: mwalimu husoma kitabu kikubwa chenye maandishi makubwa, akionyesha maneno kwa kidole, na watoto wakifuata kama mtoto afuataye hadithi magotini pa mzazi.

Goodman alileta pia mtazamo mpya juu ya makosa. Aliyaona kuwa dirisha la kuchungulia kile kinachotendeka katika akili ya msomaji. Hatukubali kila alichosema, lakini jambo hili tutalishika kwa nguvu.

2.3 Upepo unageuka

Mwaka 1987 jimbo la California lilipitisha mwongozo wa mtaala uliotilia mkazo fasihi na matini nzima. Matokeo ya mtihani wa kitaifa wa 1994 yaliliweka jimbo hilo karibu na mkia, na mwaka 1995 wabunge wake walipitisha sheria za kurudisha mafunzo ya sauti na herufi. Ni haki kuongeza kwamba California ilikuwa pia na madarasa makubwa na watoto wengi wasiosema Kiingereza nyumbani. Mkabala wa kufundisha haukuwa mshitakiwa wa pekee.

Pigo kubwa zaidi lilitoka katika utafiti. Stanovich (1980) alionyesha kwamba wasomaji dhaifu ndio wanaoegemea zaidi muktadha ili kukisia neno; msomaji hodari hulitambua neno lenyewe kwa haraka, naye huutumia muktadha kwa kuelewa matini, si kwa kubahatisha maneno. Jopo la kitaifa la Marekani lililotoa ripoti yake mwaka 2000 lilipendekeza mafunzo ya wazi ya sauti na herufi, pamoja na ufasaha wa kusoma, msamiati na ufahamu.

2.4 Kuzidisha, si kujumlisha

Gough na Tunmer (1986) walitoa maelezo mafupi yanayosaidia kupatanisha pande hizi. Kusoma, walisema, ni zao la mambo mawili: ufumbuaji wa maandishi na ufahamu wa lugha. Neno la kuangalia hapa ni zao. Mambo haya mawili huzidishwa, hayajumlishwi. Moja likiwa sifuri, zao lake ni sifuri, hata lile jingine likiwa kubwa namna gani.

Sasa tunaweza kuwaelewa watoto wetu wawili. Wa kwanza anayo lugha, lakini ufumbuaji wake ni sifuri. Wa pili anao ufumbuaji, lakini kile anachokifumbua si lugha anayoielewa. Wote wawili wanapata sifuri, ila kwa sababu zilizo kinyume, na dawa ya mmoja haimponyi mwenziwe.

3.0 Othografia ya Kiswahili Inasema Nini?

3.1 Mwandiko mwepesi

Mjadala wa lugha-jumla ulikua katika Kiingereza, lugha ambayo herufi moja huweza kuwa na sauti nyingi na sauti moja kuandikwa kwa njia nyingi. Katika mwandiko wa namna hiyo, si ajabu mwalimu akachoka na kanuni na kuamua kwamba neno likaririwe zima zima. Seymour, Aro na Erskine (2003) walilinganisha watoto wa mwaka wa kwanza katika lugha mbalimbali za Ulaya. Watoto wa Kifini waliweza kusoma sawasawa maneno 98 kwa 100 waliyopewa, wa Kifaransa 79, na wale wa Uskoti waliosoma Kiingereza 34 tu.

Kiswahili kiko upande wa Kifini. Kina irabu tano, kila moja na sauti yake. Silabi zake nyingi ni konsonanti na irabu. Na herufi ikishajulikana, haibadiliki kwa sababu ya jirani yake isipokuwa mahali pachache. Mtoto aliyefundishwa silabi kwa mpango anaweza, baada ya miezi michache, kutamka neno ambalo hajapata kuliona. Kumnyima ufunguo huo kwa jina la lugha-jumla ni kumnyima haki yake.

3.2 Neno la Kiswahili halina sura moja

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya kimofolojia. Kukariri maneno kwa sura kunawezekana kiasi pale neno linapobaki na sura ile ile. Tuangalie kitenzi kimoja:

(1) nilisoma, hatusomi, msisome, anayesoma, hawajasomewa, somesheni, watakapotusomea

Katika maneno haya saba, kinachorudi ni mzizi -som- tu, nao husimama mara mwanzoni, mara katikati, mara karibu na mwisho. Neno la mwisho lina silabi nane. Kifaransa kingesema jambo hilo hilo kwa maneno manne, quand ils nous liront. Mtoto anayetambua maneno kwa umbo angelazimika kukariri mamia ya maumbo kwa kitenzi kimoja. Anayejua silabi hulipita neno hilo kwa hatua nane fupi, na sikio lake, lililozoea lugha, humwambia maana.

Kwa hiyo, kwa upande wa ufumbuaji, hukumu yetu ni wazi: katika Kiswahili silabi hushinda. Mtaala wa Tanzania wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulioanza mwaka 2015 ulifuata njia hiyo. Vivyo hivyo mradi wa Tusome nchini Kenya ulioanza mwaka huo huo, na mradi wa ACCELERE uliogharimiwa na Marekani na Uingereza kuanzia 2015, ambao ulitoa vitabu vya kusomea vya lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, kwa baadhi ya mikoa ya Kongo.

3.3 Mipaka ya wepesi

Tusidhani hata hivyo kwamba mwandiko huu hauna miiba. Alcock na Ngorosho (2003), waliochunguza tahajia za watoto wa Tanzania, walionya tangu kichwa cha makala yao kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia ya kawaida si jambo dogo. Silabi zenye ving'ong'o, kama mb, nd na ng, pamoja na tofauti ya ng na ng', huwasumbua watoto. Kwetu kuna miiba ya ziada, na hiyo haitoki katika herufi bali katika umbali uliopo kati ya mdomo na ukurasa.

4.0 Kiswahili Kipi?

4.1 Kumbukumbu fupi

Kusoma Kiswahili katika Maniema hakukuanza na misheni. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Nyangwe na Kasongo zilikuwa vituo vya wafanyabiashara waliotoka pwani, Tippu Tip akiwa mashuhuri kuliko wote. Baadhi ya barua za Kiswahili na Kiarabu za wakati huo, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, zimehifadhiwa Ubelgiji, na Xavier Luffin amezichapisha na kuzichambua. Hata leo watoto wengi wa Kiislamu wa Kasongo na Kindu huanza na alifu kabla ya a. Chuo cha Kurani kimehifadhi mbinu kongwe ya herufi na irabu, nayo hufanya kazi yake vizuri sana: mtoto hutamka maandishi matakatifu kwa usahihi. Lakini hakuna mwalimu wa chuo anayedai kwamba mtoto huyo anakielewa Kiarabu. Ni shule zetu za serikali na za madhehebu zinazochanganya mambo hayo mawili.

Utawala wa Kibelgiji ulipokuja, wamisionari na watawala walibishana kati ya Kingwana, yaani Kiswahili kilichokuwa kikisemwa na watu, na kile walichokiita Kiswahili bora. Fabian (1986) ameieleza historia hiyo kwa urefu. Mwaka 1930 makoloni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki yaliunda kamati ya lugha iliyosanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, Kongo haikuwamo. Baada ya uhuru, mtaala wa 1962 uliweka Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza. Semina ya wanaisimu wa Zaire iliyofanyika Lubumbashi mwaka 1974 ilitetea kurudi kwa lugha za taifa shuleni. Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazikubali lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa vyombo vya kufundishia na masomo yenyewe.

Kwa hiyo sheria tunayo. Kisichojibiwa na sheria ni swali la mwalimu asubuhi, chaki ikiwa mkononi: niandike Kiswahili kipi?

4.2 Mdomo na ukurasa

Watoto wa Kindu hutoka katika nyumba za Kilega, Kikusu, Kibangubangu, Kizimba, Kisongola, Kigengele na nyinginezo. Barabarani na sokoni huunganishwa na Kiswahili cha huku kwetu. Tulinganishe:

(2) Kinachosemwa: Mutoto iko ku masomo.
Kilichoandikwa: Mtoto yuko shuleni.

(3) Kinachosemwa: kitabu yangu, vitabu yetu
Kilichoandikwa: kitabu changu, vitabu vyetu

(4) Kinachosemwa: zahabu, gali, samani
Kilichoandikwa: dhahabu, ghali, thamani

Mifano ya (4) inagusa sauti ambazo mtoto hana. Anaijua zahabu vizuri, maana mkoa wake unaichimba. Lakini dh haijapata kupita mdomoni mwake, na mwalimu akimwambia kwamba herufi hizi mbili ni sauti moja, sauti hiyo haipati pa kukaa. Mfano wa (2) ni mkubwa zaidi. Kati ya maneno matatu yaliyoandikwa, moja tu, mtoto, linafanana na lile alilosema, nalo limepoteza irabu. Mtoto anayefumbua shu-le-ni kwa usahihi bado hajafika kwenye masomo yake.

Hapa ndipo tunapouhitaji mkabala wa lugha-jumla. Msingi wake mkuu ni kwamba maandishi ya kwanza ya mtoto yawe lugha yake mwenyewe, inayosema mambo anayoyajua.

4.3 Makosa mawili yasiyolingana

Tuchukue sentensi moja ya ubaoni, nayo tuwape watoto wawili:

(5) Ubaoni: Watoto wanakuja.
Mtoto wa kwanza: Batoto wanakuya.
Mtoto wa pili: Watoto wanakula.

Kwa desturi mwalimu humkatiza wa kwanza mara moja, maana amekosea maneno yote mawili, na sikio la shule linachukia batoto. Wa pili amekosea silabi moja tu, tena kwa neno la sanifu. Katika darasa lenye kelele hupita bila kuonekana.

Lakini tuyasome makosa haya kama Goodman alivyotufundisha. Mtoto wa kwanza ameyafumbua maandishi, ameyaelewa, kisha ameyasema kwa lugha ya nyumbani kwao. Hiyo ni kazi kamili ya kusoma, na ziada ya tafsiri juu yake. Mtoto wa pili ameona wanaku- akabahatisha mwisho; amepoteza maana, wala hajui kwamba ameipoteza. Wa kwanza anahitaji kuambiwa, kwa upole na baadaye, kwamba kitabu husema watoto. Wa pili anahitaji msaada leo, kwa silabi ja na la. Mwalimu anayemwadhibu wa kwanza na kumpitisha wa pili anafundisha kinyume cha kusoma. Na mtoto wa kwanza, akikatizwa kila siku, atajifunza kwamba kuelewa ni hatari na kwamba ni salama zaidi kutamka silabi bila kuzifikiria. Hivyo ndivyo tunavyomtengeneza yule mtoto wa pili wa utangulizi wetu, anayetamka kila kitu na kunyamaza aulizwapo.

5.0 Somo Moja katika Darasa Lisilo na Vitabu

Lugha-jumla ya Marekani na New Zealand ilitegemea jambo ambalo watetezi wake hawakulitaja sana kwa kuwa lilikuwa la kawaida kwao: vitabu vingi, darasani na nyumbani. Sisi hatuna. Darasa lina ubao, chaki na watoto wengi, na idadi yao imeongezeka tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure katika mwaka wa shule wa 2019–2020. Hata hivyo ubao ni kitabu kikubwa, na matini inaweza kutoka kwa watoto wenyewe. Tunapendekeza mfuatano ufuatao:

(a) Maongezi. Watoto wanazungumza juu ya jambo moja wanalolijua: mtumbwi unaovuka kwenda Alunguli, treni iliyofika stesheni, samaki sokoni. Hapa hakuna kusahihisha lugha.

(b) Kuandika mbele ya macho yao. Mwalimu anaandika sentensi tatu au nne walizozisema, akitamka kila neno anapoliandika, ili waone jinsi usemi unavyogeuka maandishi. Kwa mfano: Samaki iko mingi. Mama ananunua samaki. Mama anapika samaki.

(c) Kusoma pamoja. Mwalimu anapitisha kijiti chini ya maneno, watoto wakifuata. Kijiti kisitangulie sauti wala sauti isitangulie kijiti.

(d) Kuvunja. Neno moja linatolewa katika matini: samaki. Linakatwa: sa-ma-ki. Kila silabi inapanuliwa kwa irabu tano: sa, se, si, so, su; ma, me, mi, mo, mu. Silabi hizo zinaunganishwa kuwa maneno mapya: sisi, kima, simama. Silabi zifuate mpango uliopangwa kwa mwaka mzima, si bahati ya siku.

(e) Kujaribu. Sentensi mpya inaandikwa kwa silabi zilezile, ambayo hakuna aliyepata kuisikia. Hapa ndipo mkariri anapojulikana. Inafaa pia kupindua mpangilio: Samaki anapika mama. Darasa likicheka, linasoma.

(f) Kuandika. Kila mtoto anaandika sentensi moja yake mwenyewe.

Hatua (a) hadi (c) zimetoka katika lugha-jumla, (d) ni ya silabi, na (e) inaziunganisha. Decroly angeutambua mfuatano huu. Tofauti yetu naye ni kwamba hatungojei miezi kabla ya kuvunja neno. Katika Kiswahili linavunjika siku ile ile.

Ama kuhusu Samaki iko mingi, tunashauri iandikwe hivyo katika wiki za mwanzo. Mtoto lazima aone kwanza kwamba maandishi ni sauti yake. Kisha, polepole, sentensi ya kitabuni iwekwe chini yake: Samaki ni wengi. Watoto waulizwe nini kimebadilika na nini kimebaki. Hivyo sanifu itaingia kama nguo ya pili ya jambo wanalolimiliki tayari, na mtoto ataanza kazi ya kulinganisha lugha ambayo wengi wetu tuliianza chuo kikuu.

6.0 Pingamizi Tatu

Pingamizi la kwanza ni la wazazi: je, mtoto hatabaki na Kiswahili cha mtaani? Hofu hii tunaiheshimu. Lakini mtoto hajifunzi lugha ya pili kwa kunyamazishwa katika ya kwanza. Lengo halijabadilika, tumebadilisha mlango wa kuingilia tu.

Pingamizi la pili ni la Kifaransa. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi hufanywa kwa Kifaransa, basi kwa nini kupoteza muda? Tukirudi kwa Gough na Tunmer, jibu ni rahisi. Mtoto anayefundishwa kusoma katika lugha asiyoijua hana kipimo cha kujua kama amesoma. Ufumbuaji uliojengwa kwa Kiswahili hubaki mkononi mwake. Atakachoongeza ni tofauti za mwandiko wa Kifaransa na, lililo gumu zaidi, lugha yenyewe.

Pingamizi la tatu ni la walimu wenzetu: mfuatano huu unadai mwalimu afikiri, naye ana darasa kubwa na mshahara mdogo. Ni kweli. Ndiyo maana hatupendekezi uhuru wote ambao watetezi wa lugha-jumla walimpa mwalimu. Mpango wa silabi uwe tayari, umeandikwa, wiki kwa wiki. Kinachoachiwa darasa ni maneno ya watoto, na hayo hayana gharama.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba ugomvi wa silabi na lugha-jumla hauwezi kuhamishiwa Kindu kama ulivyo. Othografia ya Kiswahili imekwisha amua sehemu moja: silabi zifundishwe, kwa mpango na mapema. Lakini silabi humfikisha mtoto kwenye maandishi tu. Kama maandishi hayo hayasemi lugha anayoielewa, amefika mahali patupu. Mkabala wa lugha-jumla, pamoja na makosa yake juu ya kubahatisha, ulikuwa sahihi katika jambo hili.

Kazi iliyobaki ni yetu. Hatuna orodha ya maneno na silabi zinazotumiwa zaidi na watoto wa Kindu, ambayo mpango wa silabi ungejengwa juu yake. Hatuna mkusanyiko wa makosa ya kusoma yaliyonaswa darasani na kuchambuliwa kama tulivyojaribu katika (5). Hatuna hadithi za kutosha za Maniema zilizoandikwa kwa watoto. Tanzania ilianzisha mradi wake wa vitabu vya watoto mwaka 1991, na tangu 2014 hazina ya African Storybook imetoa hadithi zinazoweza kunakiliwa na kurekebishwa bila malipo. Lakini samaki wa Lualaba hataandikwa na mtu wa Dodoma. Hizi ni kazi ambazo wanafunzi wa chuo kikuu na wa ISP wanaweza kuzichagua kwa tasnifu zao za mwisho wa masomo. Hazihitaji maabara. Zinahitaji daftari, ruhusa ya mkuu wa shule, na sikio ambalo halikurupuki kusahihisha.